Kola Isiyofuliwa

Ndege ilipoanguka na mume wangu akafa, shirika la ndege lilipeleka nguo za abiria kwa dobi mmoja azisafishe kabla ya kuturudishia, pamoja na namba za simu za familia. Dobi huyo alinipigia simu kabla hajaziloweka.

“Mama, shati la mzee lina matope na moshi. Nilifue?”

“Fua, mwanangu, ila kola usiiguse. Huenda bado ina harufu yake.”

“Haya makubwa! Leo ndiyo mara ya kwanza kuombwa niache uchafu,” akasema, tukacheka huku tunalia.

Shati likaja limepigwa pasi vizuri, kola nyeusi vilevile kwa mafuta ya nywele. Binti yangu akanusa.

“Ni baba huyu! Alikuwa akijipaka kama anayekaanga kichwa.”

Nikampigia dobi.

“Ipo, mwanangu, harufu yake ipo. Mungu aibariki mikono yako.”