Chumba cha Juu Kalimpong

Jumapili hiyo Laurentine alirudi kutoka kanisani Fittja, kitongoji cha Stockholm, akavua viatu na kuketi papo hapo mlangoni, koti likiwa bado mwilini. Wiki nzima alikuwa amefanya zamu zake na za mwenzake aliyeugua: kuwanyanyua wazee vitandani, kuwaogesha, kuwapa dawa, kusikiliza habari za wajukuu wasiokuja, halafu kukimbilia basi la kumpeleka kwa mzee mwingine. Simu ya kazi ilikuwa mfukoni. Hata siku ya mapumziko mkono ulikuwa ukienda wenyewe kuipapasa, kuona kama imeita.

"Mama, uko tayari?" Emmanuella aliuliza kutoka sebuleni. "Leo tunamaliza mpango."

Mpango huo ulikuwa zawadi. Laurentine alikuwa ametimiza miaka hamsini wakati wa baridi, na binti yake, aliyezaliwa hapa hapa Stockholm na sasa anasoma historia ya sanaa chuo kikuu, akaahidi kumpeleka safari fupi ya kuona utamaduni wa wengine. Alichagua Kalimpong, mji mdogo ulioko India, juu kwenye milima ya Himalaya, kwa sababu aliwahi kuandika insha kuhusu michoro ya watawa wa Kibudha wa huko. Laurentine alifurahi siku ile, akamkumbatia. Hakujua kwamba zawadi yenyewe ingekuwa na mikutano.

Alijikokota hadi mezani. Mumewe, Gédéon, alikuwa amelala kwenye kochi na gazeti kifuani. Emmanuella aligeuza kompyuta ili mama aone, akaanza kueleza kwa Kiswidi, haraka haraka, kama anavyofanya akiwa na furaha. Siku ya kwanza, nyumba mbili za watawa. Siku ya pili, karakana ya wachoraji, halafu soko, halafu somo la kupika. Siku ya tatu wangeamka saa kumi alfajiri.

"Kwa nini saa kumi?" Laurentine aliuliza kwa Kiswahili.

"Kuona jua linavyochomoza juu ya mlima mkubwa. Watu wote wanaenda kwa ajili hiyo."

"Mimi naamka saa kumi na moja kila siku, Ema. Nimeona jua."

"Si jua hili."

Gédéon alifungua jicho moja. "Watu wa Bukavu," alisema, "kupanda ndege kwenda kutazama milima." Akalifunga tena.

Hakuna aliyecheka. Bukavu, mji wao kule Kongo, ilikuwa mikononi mwa waasi, uwanja wa ndege umefungwa, na dada yake Laurentine aliyebaki kule alikuwa akipiga simu pale mtandao unapokubali. Emmanuella hajawahi kufika. Nyumbani mwao mji huo ulitajwa kama mgonjwa aliye chumba cha pili.

"Ondoa hiyo ya alfajiri," Laurentine alisema.

Emmanuella aliiondoa.

"Na somo la kupika. Napika kila siku."

Nalo likaondoka. Zikafuata nyumba moja ya watawa, bustani ya maua, matembezi ya kuona majumba ya Waingereza. Kila mara Laurentine alisema kwa upole, na kila mara binti yake alibonyeza kitufe kwa nguvu zaidi kidogo. Mwishowe alirudisha mikono mapajani.

"Kuna kitu chochote unachokitaka huko, Mama? Au nifute yote? Sema tu. Sitakasirika."

Alikuwa ameshakasirika, shingo yake ilionyesha. Laurentine alimtazama, akaona jinsi mtoto huyu alivyohangaika na jambo hili miezi yote, na akaona pia kwamba yeye mwenyewe hana nguvu hata ya kusema uongo mzuri. Neno *futa* lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Minachoka, Ema," alisema badala yake. "Si wewe. Nachoka mpaka kwenye mifupa. Ukinisomea hiyo ratiba, nasikia ni kama msimamizi ananipangia zamu."

Kwenye kioo cha kompyuta ilibaki picha ya nyumba ya wageni aliyoichagua, imepigwa kutoka juu: mapaa yanashuka mlimani, moja chini ya jingine, mengine yameshika kutu.

"Hizi nyumba ni za bati?" Laurentine aliuliza.

"Nadhani. Kwa nini?"

Laurentine alisogeza kiti. "Kwetu Kadutu, kule Bukavu, tulikuwa na bati tupu, bila dari. Mvua ikishaanza kupiga, hakuna mtu anaweza kukuita. Mama yangu anafungua mdomo, humsikii. Maji hauendi kuchota, sokoni hauendi, mgeni haji. Watoto saba ndani ya chumba, na kila mtu ameachwa na mambo yake. Nililala usingizi ambao sijaupata tena. Huku mvua inanyesha siku nzima, ukiwa ghorofa ya tatu hujui hata kama inanyesha. Simu unaisikia tu."

Gédéon alikuwa ameamka kabisa sasa.

"Mvua yao kubwa ni mwezi wa saba," Emmanuella alisema taratibu. "Sisi tunaenda wa kumi. Mwezi wa kumi anga ni safi. Wa saba kuna mawingu tu, Mama. Huoni mlima hata mmoja. Na mimi nimetaka kuona huo mlima tangu mwaka wa kwanza."

"Basi twende wa kumi. Ni sawa."

"Si sawa. Umeshaniambia."

Alisimama, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda. Laurentine alisikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alikuwa na simu mkononi, tayari inaita, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitikia kwa Kiingereza. Ni mwenye nyumba ya wageni. Emmanuella alimweleza kwamba wanataka kubadilisha, waje Julai.

Mwanamke alisikitika. Julai barabara hukatika kwa maporomoko, alisema, nguo hazikauki, na wageni humlaumu yeye kwa mawingu.

"Mama yangu anauliza kama paa ni la bati."

Mwanamke akaeleza kwamba ndiyo, ni bati, lakini wasiwe na hofu, vyumba vyote amevipigia dari nene kwa sababu wageni walilalamika kelele. Vyote isipokuwa kimoja cha juu. Hicho hampangishi mtu wakati wa mvua, labda mtu awe kiziwi.

Laurentine alielewa Kiingereza cha kutosha. Aliinamia simu. "Hicho," alisema. "Tafadhali, hicho."

Mwanamke akacheka, kisha akauliza mara mbili kama wana hakika. Walikubaliana Laurentine achukue cha juu na Emmanuella apewe cha chini chenye dari. Barabara ikikatika, watangoja katika mji ndege itakakotua.

Simu ilipokatwa, Emmanuella alirudisha kwenye ratiba nyumba zote mbili za watawa, karakana na soko. "Hizi nitaenda mwenyewe," alisema, na mara hii alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. "Na mlima nitarudi kuona siku nyingine. Bila wewe."

"Urudi," Laurentine alisema. "Ni haki yako."

Bado kulikuwa na donge kati yao, dogo, na hakuna aliyejaribu kuliondoa siku hiyo. Emmanuella alianza kusoma habari za viza. Laurentine aliandika ujumbe kwa msimamizi wake kuomba likizo ya Julai, akaangalia neno *Julai* kwa muda, akatuma. Kisha akavua koti, akaingiza sare zake za kazi kwenye mashine ya kufulia, kwa sababu kesho ni Jumatatu.