Jiko Lililoingia Hemani

Mahema yalikuwa mawili tu kambini siku ile, na kati yake uwanja mtupu wa changarawe. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka kidogo kidogo juu ya mto. Pil-rye alikuwa ameinama akikaza kamba za hema la marehemu mumewe alipomwona jirani yake, Mzee Gi-tak, amebeba jiko la mkaa kwa mikono miwili, analiingiza ndani.

"Kaka, jiko hilo linakwenda wapi?"

"Linakwenda kulala. Limechoma nyama mchana kutwa, limechoka kama mimi."

"Halijazimika."

"Hebu tazama, dada. Majivu matupu. Limebaki joto tu la kukanda mgongo." Akacheka. "Au umekuja kupiga kambi huku Inje ili ulinde majiko ya watu?"

Pil-rye akarudia kamba zake. Angemwamrishaje mwanamume aliyemjua tangu mchana, walipoombana chumvi? Ila mgongo aliousema aliuelewa. Watu wa umri wao walilelewa juu ya sakafu zinazopashwa moto wa makaa kutoka chini; baridi ya ardhi ikiwagusa, usingizi hauji hata wavae makoti mangapi. Na kila mmoja wao aliijua nyumba ambayo gesi ya makaa ilipenya kwenye nyufa za sakafu, asubuhi watu wakakutwa wamelala moja kwa moja. Kwao Pil-rye ilimchukua dada yake mkubwa. Haina harufu, haina rangi. Inabembeleza tu.

Akasikia zipu ya jirani ikipanda mpaka juu.

Alipika tambi nje, mlangoni pake, maana moto hakuuingiza hemani; chupa ya maji ya moto miguuni ilimtosha. Mumewe Chun-sik, Mungu amrehemu, ndiye aliyemzoesha hivyo, na kila safari Pil-rye alimnung'unikia kwamba anamgandisha. Sasa hakuna wa kumnung'unikia. Alipopakua aliona tambi ni za watu wawili. Mkono ulikuwa bado haujajua.

Akafumba macho ashukuru kwa chakula, akajikuta anaomba, "Bwana, mwangalie yule mzee." Aliona haya kumtuma Mungu mahali ambapo miguu yake mwenyewe ingefika. Aliona haya nyingine pia: akina mama wa kanisani wangesema nini, mjane kwenda kubisha hema la mwanamume giza likiingia? Wangemcheka mpaka Pasaka.

Akabeba bakuli la pili, akavuka uwanja.

"Kaka Gi-tak, nimekuletea tambi."

Taa ilikuwa inawaka ndani. Kimya.

"Kaka, nafungua. Kama umevua nguo, shauri yako."

Alipovuta zipu, joto lilimpiga usoni, joto zuri, la nyumbani. Mzee alikuwa amelala kinywa wazi, mate yakimtiririka. Bakuli likamponyoka. Akabana pumzi, akaushika mfuko wa kulalia kwa miguuni, akamkokota mpaka kwenye theluji, huku akimwita Mal-suk, mwenye kambi.

Mal-suk alikuja mbio, simu sikioni, akaeleza gari la wagonjwa lifike wapi. Kisha akarudi kwake, akaja na bakuli la maji ya figili zilizochachushwa.

"Mnyweshe. Mama yangu alikuwa akitunywesha haya, ndiyo dawa ya gesi."

"Weka chini."

"Wewe, kila mtu anajua…"

"Dada yangu alinyweshwa hayo hayo akiwa hajitambui. Yakampalia. Dawa ni hewa, Mal-suk. Nisaidie kumgeuza ubavu, halafu lete blanketi."

Wakamgeuza. Wakakaa wawili kwenye theluji, Pil-rye akihesabu pumzi za mzee na kupoteza hesabu. Hatimaye mzee akatapika, akafumbua jicho moja.

"Nani kafungua mlango? Baridi."

"Mimi."

"Mlinzi wa majiko," akasema, akafumba tena.

Gari lilipofika wakampandisha kwenye machela. Muuguzi akauliza ndugu zake wako wapi.

"Nina binti, yuko Busan," mzee akasema kwa shida. "Msimpigie. Akijua, hataniachia nitoke tena."

"Na wewe, mama, ni nani wake?"

Pil-rye akayatazama mahema mawili.

"Jirani."

"Wa nyumbani?"

"Wa hapa," akasema, akapanda na kuketi kando ya machela.

Njiani aliinama sikioni kwa mzee. "Nipe namba ya mtoto."

"Yeye hupiga Jumapili."

"Leo atapigiwa yeye. Mimi nitashika simu, utazungumza mwenyewe."

Mzee akaitaja polepole, tarakimu moja moja, na muuguzi akamvalisha barakoa ya oksijeni. Pil-rye akapiga. Simu ikaita. Ikaita. Macho ya mzee yalikuwa yamefumba, lakini vidole vilikuwa vimekaza ukingo wa machela, akisikiliza kama kuna atakayepokea.