Sanduku Lililoatamiwa

Fundi makochi alitumwa mayai, akapata sanduku. Alipopapasa kwenye kona ya banda, pembeni ya kuku mwekundu aliyekuwa ameatamia, vidole vyake viligusa pembe ya shaba. Kuku alimdonoa. Hakujali. Akafukua majani makavu, akaona mbao, bawaba na mikanda ya ngozi iliyooza: sanduku la safari la kizamani, mfuniko wazi, kuku katulia ndani kama malkia.

“Mama!” alimwita mama mkwe wake. “Kuku wako analalia mali!”

“Lile? La marehemu baba mkwe wangu. Liliingia mende, nikawapa kuku.”

“Nikilitengeneza je?”

“Umekosa kazi, mwanangu? Basi subiri. Mzazi hatolewi kitandani.”

Akasubiri. Vifaranga walipoanza kumfuata mama yao uani, fundi alilibeba sanduku hadi kibarazani, akalisugua kwa sabuni na kulianika juani mpaka harufu ikakubali yaishe. Kitako kilikuwa kimeoza. Akapigilia mbao mpya. Bawaba alizilainisha kwa mafuta ya taa. Mikanda akaikata kwenye mabaki ya ngozi ya kochi.

Mama mkwe alipita kila asubuhi “kuangalia tu”. Mara akavuta kigoda. Mara akachukua ndimu na majivu, akaanza kung’arisha pembe za shaba, huku akidai anazuia mikono isilale.

Walikosana mara moja tu, kwenye bitana. Fundi alikata kitambaa cheupe.

“Toa hicho,” alisema mama mkwe. “Hili ni sanduku, si jeneza.”

“Unataka kipi, mama?”

“Kile cha maua makubwa.”

“Kile kinapiga kelele, mama!”

“Na mimi nimenyamaza miaka mingi. Acha kipige.”

Maua yakashinda. Kazi ilipokwisha, mama mkwe alifungua mfuniko, akafunga, akafungua tena. Kisha akatikisa kichwa, jambo lililomtia fundi wasiwasi.

“Vipi, mama, halijakupendeza?”

“Dada yangu ananiita kwake kila mwaka. Kila mwaka namwambia sina hata cha kubebea nguo.” Akaguna. “Sasa umenimalizia visingizio.”

Aliondoka wiki ileile. Stendi, wapagazi wawili walilinyanyua sanduku wakayumba.

“Bibi, umepakia mawe?”

“Nimepakia heshima. Polepole na pembe zangu!”

Fundi alimpungia mkono mpaka basi likakata kona, akarudi nyumbani peke yake. Hakudhani kwamba kuondoka kwa yule mama kungemgusa kiasi hicho.

Mama mkwe alikuwa ameaga kwa siku chache. Siku zikazaa wiki, wiki zikazaa wiki nyingine, ndipo simu ikaita.

“Mama, kwema? Mbona hurudi?”

“Kwema, mwanangu. Nimekwamishwa na sanduku. Dada yangu amelikalia tangu asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Anasema nikitaka kwenda niende, lakini hili linabaki.”

“Sasa utafanyaje?”

“Na mimi nimekaa hapahapa, ubavuni kwake. Tutaona nani atachoka kwanza.”

Nyuma ya sauti yake, fundi alimsikia bibi mwingine akicheka mpaka anapaliwa na chai.