Uelewa Mdogo

Mama alifungua koki ya bomba la mtaa, akatega sikio. Bomba lilikohoa hewa tu. Akaokota madumu yake matupu akarudi nyumbani, ambako binti yake wa mwisho, mwanafunzi wa uzamivu katika afya ya jamii, alikuwa akiandika sura ya tasnifu yake kuhusu kwa nini wazazi wa mtaa huu hawanawi mikono.

"Andika hakuna maji," Mama alisema. "Hilo nalo linataka shule?"

Binti alicheka, akaandika hivyo hivyo. Maji yalikauka tangu kiwanda cha soda kijengwe kule juu. Miongoni mwa watoto waliokufa kwa kuhara alimwandika na mwana wa dada yake.

Profesa aliyemsimamia alisoma sura hiyo huku akivua miwani na kuivaa tena.

"Binti yangu, mabomba waachie mafundi. Sisi tunasoma tabia."

"Sasa watanawa na nini, Profesa?"

"Sema hawana uelewa. Inatosha." Akashusha sauti. "Anayekulipia ada si unamjua?"

Alimjua. Nembo ya kiwanda ilikuwa kifuani pake, kwenye fulana ya mradi. Na nyumbani walishaanza kumwita Daktari, hata kabla ya kumaliza.

Alifuta. Iliuma, lakini alifuta. Palipoandikwa "hakuna maji" pakawa "uelewa mdogo wa walezi," na dada yake, aliyemfukia mwanawe kwa macho makavu, akawa mmoja wa walezi hao.

Shahada akapewa. Kiwanda nacho kikachapisha mabango.

Siku aliyorudi kupongezwa, alimkuta dada yake amesimama mbele ya bomba la mtaa, hatua chache kutoka mlango wa kwao. Juu ya koki lilibandikwa bango jipya: WATOTO WANAKUFA KWA UZEMBE WETU. NAWA MIKONO. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina la mtafiti.

"Mdogo wangu," dada alisema bila kugeuka, "wewe ndiye uliyesoma. Kwa hiyo ni mimi niliyemuua?"

Daktari alilisoma jina lake chini ya bango.

Mama akatokea mlangoni na kopo, akitabasamu uso mzima. Ndani yalikuwamo maji ya kunywa aliyokuwa ameyabana tangu jana.

"Jamani, mnamsimamisha mgeni juani? Njoo unawe mwanangu, chakula tayari."

Dada akapokea kopo, akaliinamisha, akamsubiri. Daktari akakinga mikono.