Vyuma vya Ardhi

"Hivi wewe Bi Hafidha, huo ua Msabaha anaotangaza kauzindika, umezindikwa na mganga gani?" Kuruthumu jirani yake alimwuliza siku moja wakitoka kisimani. "Mbuzi wangu kaugusa kwa pua, karuka kama kamwona Izraili!"

Bi Hafidha alisema astaghfirullah, akazidi kutembea. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, macho yake ndiyo yaliyokuwa mlinzi wa nyumba, na macho hayo yalikuwa yameona jambo. Msabaha mwenyewe, kila akifungua lango lake la seng'enge, hulisukuma kwa mti mkavu. Mtu gani aogope zindiko lake mwenyewe?

Ua ule ulikuwa mrefu, umefuata njia ya kisimani chini ya zile nyaya za umeme mkubwa zinazokatiza mashamba ya Makurunge. Mafundi wa laini walipopita walichimbia vyuma virefu, wakaviunga na seng'enge kwa waya, wakamwambia Msabaha mbele ya watu: "Hivi ni vyuma vya ardhi. Usije ukavitoa." Walipompa kisogo tu, vyuma havikuonekana tena.

Na sasa Zaina, mkaza mwanawe Bi Hafidha, alikuwa kalala mkekani, kiganja kimeungua. Alitoka kisimani peku, kanga chapachapa, akateleza, akajishika kwenye seng'enge. Ikamtupa chini, na tumbo lake lile. Nesi alisema mtoto bado anacheza. Alhamdulillahi. Lakini kisima ni kile kile, na njia ni ile ile.

Bi Hafidha aliswali alasiri, akajitanda kanga, akaenda.

Msabaha alikuwa barazani na wenzake, kahawa inazunguka. Ndani, mkewe Dija alikuwa akipepeta mchele, ungo ulisikika.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam, dada Hafidha. Karibu kahawa."

"Kahawa yako kaa nayo. Vyuma vya ardhi viko wapi?"

Msabaha akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Vya Ardhi! Watu wa ofisi ya Ardhi waje wachimbie bikoni zao za mipaka shamba la marehemu baba, mimi niwatazame? Kesho waje na ramani, keshokutwa nalima miwa ya watu! Niling'oa, na leo ningeng'oa tena."

Wanaume wakaguna kumuunga mkono. Hata Bi Hafidha moyo ulimlegea kidogo, maana nani pale hakuwa na hofu ya bikoni? Kisha akakikumbuka kiganja cha Zaina.

"Ardhi hii, Msabaha!" Akaupiga mchanga kwa mguu. "Udongo! Si ofisi! Nimewauliza wajuzi: umeme wa juu unajaa kwenye seng'enge yako, vyuma vile vinaushusha chini. Umeving'oa, sasa unashukia kwenye miili ya wake za watu."

"Basi sikujua, dada yangu. Ni kudra."

"Usimsingizie Mungu! Siku ile hukujua, sawa. Huo mti mkavu langoni ni wa nini? Ulikuuma wewe kwanza, ukanyamaza. Ukaona umepata mbwa asiyekula. Ukatangaza zindiko!"

"Chunga ulimi wako, mwanamke."

"Nimeshauchunga sana. Haya, inuka. Vua ndala, ukaushike ua wako."

Mzee Kitwana akaweka kikombe chini taratibu.

"Ua ni wangu," Msabaha akasema, hamtazami usoni. "Na hivyo vyuma havipo. Nilishamuuzia mnunua chakavu."

Ndani, ungo ukanyamaza.

Dija akatokea mlangoni, pumba zimemjaa mikononi, vyuma vyote kavikumbatia, na kile kimoja wanachokomelea mlango wa jikoni kimo. Akavibwaga miguuni pa mumewe. Birika likapinduka, kahawa ikamwagika barazani. Msabaha akafungua kinywa.

Dija hakumngoja. Akachukua ndoo yake, akashika njia ya kisimani, ile ile inayopita kando ya seng'enge.