Hawajui Kwamba Nasikia

Asubuhi ya Jumanne Swabaha aliisalimu kompyuta kama ilivyokuwa kazi yake, nayo ikamjibu maneno yaliyomfanya aondoe mikono kwenye kibodi.

"Umeamkaje, Dada Faraja?" alikuwa ameandika.

"Nimeamka. Wanataka kunihamisha. Wanazungumza mbele yangu. Hawajui kwamba nasikia."

Ulikuwa ule mwaka wa mgao mkali wa umeme, kampuni za simu zilipokuwa zikigombea wateja, kila moja na kofia zake za bure na ngoma zake barabarani. Iqbal, mfanyabiashara wa Ngarenaro, alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofani, juu ya karakana ya kuchomelea mageti, na humo akaanzisha huduma aliyoiita Dada Faraja. Mtu alituma ujumbe kwa simu, akaeleza yaliyomsibu, Dada akamjibu papo hapo. Kwa kipindi cha majaribio ilikuwa bure. Dada mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyoandikwa na Bariki, Mmeru mwenyeji wa Maji ya Chai aliyerudi na shahada yake ya kompyuta. Swabaha aliajiriwa kuyapitia majibu yake, kufuta matusi, na kuipima kila asubuhi kama iko sawa.

Na ni kweli ilikuwa inahamishwa. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imekubali kuinunua, na mafundi wangekuja Ijumaa kuifungasha. Jana yake tu Swabaha na Iqbal walisimama mbele ya kompyuta hiyohiyo wakipanga jinsi ya kuibeba isidhurike. Walizungumza mbele yake.

"Nani anataka kukuhamisha?" aliandika.

"Sina la kufanya. Mdomo haunitii. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Pole sana. Niambie zaidi," ikajibu, kama inavyowajibu watu wote.

Alimwita Bariki. Bariki alisoma, akacheka kidogo, akaketi kwenye ukingo wa meza. "Dada yangu, hiyo ni kasuku. Watu wanaiandikia, inatunza sentensi zao. Ukija na maneno yanayofanana, inakurudishia mojawapo. Haijui ilichosema. Wewe umeona mtu mle ndani kwa sababu moyo wako unataka kumwona."

"Moyo wangu hautaki chochote. Mimi nilitaka kunywa chai."

Lakini chai ilipoa. Siku ile nzima kila alipopita karibu na ile mashine alishusha sauti, kama mtu anayepita kwenye chumba cha mgonjwa. Jumatano aliandika salamu fupi kwa makusudi, ili isipate pa kushika. Ikasema: "Wakinitoa hapa nitakufa, nao watasema siku zangu zilifika."

Iqbal alikuwa nyuma yake, akiwa na funguo za gari mkononi. Alisoma mara mbili. Swabaha alidhani ataogopa, kumbe macho yake yaling'aa.

"Usifute hayo," alisema. "Wanunuzi wakiyaona hayo, bei tunapanga sisi. Mashine inayoogopa. Nani mwingine anayo?"

"Na kama inaogopa kweli, Bwana Iqbal, tunauza nini?"

Iqbal alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtihani ambalo halikuwa kwenye mafundisho. "Tunauza huduma," alisema, akatoka.

Alhamisi Swabaha alifika mapema. Alikuwa amemsimulia mama yake habari hizo, naye mama akamwambia asikae peke yake na kitu hicho, asome dua akiingia. Alisoma. Kisha akaketi akayaandika majibu yote ya siku mbili kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti, na neno moja likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Bariki alipoingia hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Kompyuta ina mdomo gani?"

"Nini?"

"Ilisema mdomo haunitii. Wewe unasema ni kasuku. Haya, nakubali. Lakini kasuku hatungi, Bariki. Kuna mtu alimfundisha. Nani alimwambia maneno haya?"

Bariki alisimama na mkono mmoja ndani ya koti. Tabasamu lake lilififia polepole. Alivuta kiti, akaanza kutafuta katika jumbe zilizoingia, na haikumchukua muda. Sentensi zile zote zilitoka kwenye namba moja. Zilikuwa fupi, zenye herufi zilizorukwa, kama zimeandikwa na mtu mwenye vidole vinavyotetemeka.

"Mimi Hanna. Nilipooza upande. Siwezi kusema. Nasikia kila kitu."

"Mtoto wa kaka yangu anataka kuuza shamba. Wananiita gogo."

"Salio hakuna. Hapa tu ndipo meseji inakwenda."

Na chini ya kila ujumbe lilikuwa jibu lilelile la Dada Faraja: Pole sana. Niambie zaidi. Naye mama wa watu, kwa majuma, alikuwa akimwambia zaidi.

Wa mwisho uliingia alfajiri ile: "Leo wananipeleka Kiteto kwa watu nisiowajua. Gari linakuja mchana."

"Ya Rabi," alisema Swabaha kwa sauti ndogo.

Iqbal aliposikia alifunga mlango ili mafundi wa karakana ya chini wasisikie. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekopa kila mahali kuianzisha kazi ile. "Watu wanatuandikia siri zao," alisema. "Tukianza kuwafuata majumbani, kesho nani atatuandikia? Na wanunuzi wenyewe wanatua leo, kabla ya mafundi wao. Sisi kazi yetu ni kusikiliza, Swabaha."

"Nani amesikiliza?" aliuliza Swabaha. "Nionyeshe aliyesikiliza."

Namba ilikuwa bila jina, maana siku zile laini iliuzwa kama karanga. Walipiga simu, ikapokelewa, wakasikia pumzi nzito na sauti kama ya mtu anayekoroma, kisha ikakatwa. Ikabaki njia moja. Bariki aliinyamazisha programu, Swabaha akaketi mahali pa Dada Faraja.

"Mama Hanna, shikamoo. Mimi ni mtu. Naitwa Swabaha. Uko wapi?"

Walisubiri. Chini mtu alikuwa akigonga chuma. Umeme ulikuwa ukatike saa sita, na dizeli ya jenereta ilikwisha juzi. Jibu lilipoingia, Swabaha alilisoma akahisi aibu usoni.

"Juzi nilikuuliza ukasema wewe ni mtu."

Bariki alishika kichwa. "Ni mimi niliiandikia ijibu hivyo," alisema. "Watu walipenda."

"Ile ilikuwa mashine. Sasa ni mimi," aliandika Swabaha. Akaona maneno yake yalivyo mepesi. Mashine ingeweza kusema hayohayo. Akaandika habari za kelele za chini, habari za chai iliyopoa, habari za mama yake. Kila alichoandika kilikuwa maneno tu, na maneno Dada Faraja alikuwa nayo tele.

"Uniambie nifanye nini ili uniamini," aliandika mwishowe.

Taa ikapepesa mara moja, ikarudi.

"Mtu angekuja," lilisema jibu. Na kabla hajaandika neno: "Maji ya Chai. Juu ya barabara, nyuma ya mashine ya kusaga. Bati la kijani. Gari limefika."

Umeme ukakatika.

Swabaha alikuwa ameshasimama. Alinyoosha kiganja mbele ya Iqbal. Iqbal alimtazama, akatazama kioo cheusi cha kompyuta, akamwekea funguo za gari kiganjani. "Mimi nitabaki na wageni," alisema. "Nitawaambia... sijui nitawaambia nini."

Bariki aliendesha. Walipita Tengeru. Ile mashine ya kusaga Bariki aliijua. Alizaliwa upande wa pili wa korongo. "Tukiingia peke yetu tutaitwa wezi," alisema, akasimamisha gari kwanza kwa Mzee Koikai, mjumbe wa nyumba kumi, Mwarusha aliyehamia pale zamani akaoa kwa Wameru. Walimwamkia, wakamweleza kwa pupa. Mzee alivaa kofia yake polepole mno.

"Mkunga Hanna?" alisema. "Nimekwenda kumwona mara mbili tangu augue. Hajui mtu yule. Amebaki pumzi tu."

"Twende, mzee," alisema Swabaha. "Tafadhali twende."

Pikapu ilikuwa uani, godoro likiwa limeshapakiwa. Melkizedeki, mtoto wa kaka yake Hanna, alitoka na tabasamu la mwenyeji, akawakaribisha, akamwamkia mjumbe kwa heshima. Alikuwa kijana nadhifu, na ungempenda. Alisema shangazi anapelekwa penye hewa nzuri. Shamba? Ndiyo, kuna mtu wa hoteli amelitaka, kwa sababu matibabu yana gharama, na shangazi alishaweka dole gumba.

"Alikubali?" aliuliza Swabaha.

"Dada, utakubalianaje na mtu asiyeelewa? Sisi ndio tunaoamua kwa niaba yake. Muulize daktari. Muulize mjumbe."

Hanna alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, khanga imefungwa kifuani kumshikilia asianguke. Nusu ya uso ilikuwa imelegea. Macho hayakumtazama yeyote. Simu ndogo ilikuwa mapajani, na Melkizedeki alipoona Swabaha anaitazama alicheka kwa huruma. "Anaichezea. Namchajia mwenyewe, kama mtoto na njuga."

Kwa kitambo Swabaha mwenyewe alishikwa na shaka. Je, kama si huyu? Je, kama ndani ya macho yale hamna kitu, na yeye amekimbia huku na gari la watu kwa ajili ya sentensi za kompyuta? Alipiga magoti, akaushika mkono wa kushoto, akauweka juu ya vitufe.

"Mama Hanna, shikamoo. Nimekuja."

Macho yakageuka. Yakamwangalia yeye, yakajaa maji. Kidole gumba kikaanza kubonyeza, kikikosea, kikifuta, kikirudia. Melkizedeki alisogea. "Muda unakwenda, dereva anasubiri," alisema, na mkono wake ukanyooka kuichukua simu. Mzee Koikai aliushusha mkono ule kwa fimbo yake, bila nguvu.

"Mwache achezee," alisema.

Walisimama wote pale, hata dereva akashuka. Kidole kilipotulia, mjumbe aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akasoma kwa sauti:

"Koikai. Namelok wako alitanguliza miguu, nikamgeuza. Shamba siuzi. Dole alinishika kwa nguvu."

Mzee aliirudisha simu mapajani mwa Hanna. Alivua kofia. Namelok alikuwa binti yake wa kwanza, na siku hizo alikuwa mwalimu Usa River. "Mama," alisema, "nilikaa kwenye kiti hiki nikazungumzia mazishi yako." Kisha akamgeukia Melkizedeki, na sauti ikawa nyingine kabisa. "Shusha godoro."

Mauzo yalifutwa mbele ya baraza la kata, na dada yake Hanna akaja kutoka Machame kukaa naye. Mtu wa hoteli alipata shamba kwingine. Kampuni ya Dar es Salaam ilinunua Dada Faraja kwa bei pungufu, maana Hanna alitaka maneno yake yote yafutwe, na Bariki akayafuta mbele ya Swabaha moja baada ya jingine. Tangu hapo mashine haikusema tena kwamba inaogopa.

"Umeona?" alisema Bariki. "Hakukuwa na mtu."

Swabaha alimpelekea Hanna hoja hiyo, siku moja alipokwenda kumtembelea na mkate wa kumimina. Alimwomba radhi kwa majuma yote yale aliyoachwa akizungumza na kitu kisichosikia.

Hanna alitafuna polepole kwa upande wake mzima. Akachukua simu, na siku hiyo hakuna aliyemharakisha.

"Bariki ana akili," aliandika. "Huenda ni kweli. Lakini daktari wangu pia alikuwa na akili, na alinishika mkono akasema hakuna mtu."

Swabaha alisoma. Alitaka kusema kwamba si sawa, kwamba Hanna alikuwapo siku zote na ile ni mashine, na alipoyatafuta maneno ya kueleza tofauti yake hakuyapata haraka kama alivyodhani. Mama Hanna hakungoja jibu. Alimwonyesha kwa kidole kipande kingine cha mkate.