Ahadi Isiyoandikwa ya Res Wüthrich

Siku Marlys Wüthrich alipotia saini ya kuiachia nyumba yake, alikuwa bado na unga kwenye kucha. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kusuka mikate ya wikendi, na mumewe Res alimtoa jikoni mbiombio kwa kuwa wakili alikuwa na nusu saa tu.

"Nivue aproni basi," alisema.

"Vaa koti juu yake. Nani atakuangalia? Twende, mke wangu."

Mwaka ule benki za Uswisi zilikuwa zimeanza kuwakimbia Wamarekani kama watu wenye ndui. Serikali ya Marekani ilitaka kujua akaunti ya kila raia wake, popote alipo duniani, na benki iliyoficha ilikiona cha moto. Marlys alizaliwa Iowa, Marekani. Alifika bonde la Emmental akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaolewa na Res, akazaa, akapika katika hoteli ndogo ya ukoo wa Wüthrich kwa miaka ishirini na saba, lakini pasipoti yake ilibaki ileile. Benki ikawaandikia barua: jina lake likibaki kwenye hati ya nyumba hiyo ya hoteli, mkopo wao unafutwa.

Kwa wakili pale Langnau walimkuta pia Zaugg, mshauri wa Res wa mambo ya kodi.

"Kulitoa jina kwenye hati hakutoshi," Zaugg alisema. "Ukifa, Res, mkeo atarithi, na Marekani itaingia mlangoni pamoja naye. Binti yenu naye ni Mmarekani kwa upande wa mama. Mrithishe mtu safi."

"Kwa hiyo mimi ni uchafu?" Marlys aliuliza.

Zaugg akacheka. Res hakucheka.

Mtu safi alikuwa Reto, mtoto wa mdogo wake Res. Mali ingekwenda kwake, na Marlys angekaa ghorofani mpaka mwisho wa maisha yake, akipata fungu lake katika mapato ya hoteli. Zaugg alishauri hilo lisiandikwe popote. Likiandikwa, alisema, linakuwa mali yake, na mali lazima itangazwe.

Marlys alikisema Kijerumani cha bondeni kama mwenyeji, lakini karatasi za mawakili alizisoma kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Aliuliza jambo moja tu.

"Reto anajua?"

"Reto nimempakata mwenyewe," Res alijibu. "Unadhani atakutupa?"

Marlys akatia saini kwamba anatoka kwenye hati na hatadai urithi. Binti yao Sereina, mwenye miaka kumi na tisa, akatia yake chini ya ya mama yake. Kisha Marlys akarudi kwenye mikate.

Miaka minane baadaye, mwezi wa Februari, Res alianguka akiondoa theluji kwenye ngazi na hakuinuka tena. Chakula cha matanga Marlys alikipika mwenyewe, nyama ya kuvuta moshi na saladi ya viazi kwa watu mia moja na ishirini. Reto alisimama mbele yao akilia. "Mama mkubwa," alisema, "wewe ndiye mama wa nyumba hii."

Mwezi wa Mei alikuja na mwanamume mwenye futi ya kupimia.

"Huyu nani?" Marlys aliuliza.

"Mnunuzi, Mama mkubwa. Anaangalia tu."

"Anapima madirisha ya chumba changu, halafu unasema anaangalia tu?"

Reto alijikuna shingo. "Mimi ni fundi umeme. Mke wangu hataki kusikia habari za hoteli. Nitafanyaje?"

"Baba yako mkubwa alikwambia nini?"

"Aliniambia nikutunze, na nitakutunza. Pale Burgdorf kuna makao mazuri ya wazee..."

"Nina miaka hamsini na minane, Reto! Jana nimebeba magunia ya viazi wewe ukinifungulia mlango!"

Reto alimtazama yule mnunuzi, kisha akainamisha kichwa. "Sasa, Mama mkubwa, imeandikwa wapi?"

Sereina alikuja na treni ya kwanza, amefura. Alimpeleka mama yake kwa wakili mwingine huko Bern, naye akazisoma zile karatasi mara mbili. Zilikuwa halali. Waliotia saini walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini Marlys habari alizipata, na mbaya zaidi ilikuwa bado njiani.

Aliipata kwa Bibi Lorraine Petrick, Mmarekani mzee wa Bern aliyewajazia wenzake fomu za kodi. Marlys alikwenda kuuliza iwapo kuna chochote cha kutangaza. Lorraine alisoma, akavua miwani.

"Nani aliwaambia Marekani ingewanyang'anya?"

"Zaugg."

"Habari ya benki ilikuwa kweli, wengi imewatesa. Jina kulitoa kwenye hati, sawa. Lakini urithi benki haikuuliza. Mumeo Mswisi, nyumba iko Uswisi. Ungerithi, dada, usilipe Marekani hata senti. Ungejaza fomu tu. Ningekujazia mimi asubuhi moja, ukaniletea mkate."

Marlys alitoka, akampigia simu Zaugg akiwa amesimama palepale barabarani.

"Ulijua kwamba ilikuwa fomu tu?"

Zaugg akakohoa. "Nilimweleza Res njia zote mbili, mama. Mtaalamu wa kujaza fomu, au hii. Yeye ndiye aliyechagua. Alisema nyumba ina miaka mia moja na themanini mikononi mwa kina Wüthrich, na lazima ibaki na jina hilo."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Zaugg alisema anasikitika.

Hoteli iliuzwa kabla ya majani kupukutika. Marlys alipanga vyumba viwili Langnau, akapata kazi ya kupika katika shule. Sereina alimsihi aukane uraia wa Marekani, apumzike na hizo fomu.

"Nikane nini tena?" mama yake alimwuliza. "Nimekana nyumba, nimekukanisha na wewe. Nibakishie angalau kitu kimoja chenye jina langu."

Msiba ulipotimiza mwaka, Reto alimpigia simu kazini. Jiwe la kaburi la Res lilikuwa linachongwa, na fundi alitaka kujua kama jina la Marlys liandikwe pembeni, nafasi ya tarehe iachwe wazi. Sauti yake ilikuwa ya upole. Pengine aliona hilo ni jema.

"Siku zote mlikuwa mnaogopa jina langu lisije likaandikwa," Marlys alisema. "Endeleeni kuogopa."

Akakata simu, akarudi kumenya viazi vya watoto mia mbili.